KDE ni Windows ya bure?

Kaka, hapo umepatia nusu. KDE ni programu huru inayokupa madirisha, menyu na upau wa chini kwenye Linux na Unix, na toleo lake la 1.0 la 1998 lilikuwa na kitufe cha K chini kushoto. Aliyezoea kubonyeza Start kwenye Windows 95 hakuhitaji kuonyeshwa njia. Watengenezaji wa KDE waliiga, tusizunguke. Lakini angalia upau huohuo wenye kitufe hicho: kulikuwa na vitufe vinne vya kuhama kutoka deskitopu moja (eneo la kazi lenye madirisha yake) kwenda nyingine, jambo la kawaida kwenye Unix, familia ya mifumo ya kompyuta ambayo Linux iliifuata. Windows ilikuja kuliweka rasmi kwenye Windows 10, 2015! GNOME 3 nayo, mshindani wa KDE kwenye Linux, 2011, ikaondoa hata kitufe cha kushusha dirisha (minimize). Watu walilalamika sana (mimi mmojawao), ila hapo sijui utasema walimwiga nani.