Santorini ililipuka lini? Usifunge mjadala kwa mwaka mmoja

Mdogo wangu, unauliza insha yako iandike mwaka upi, maana mwalimu kasema karibu 1500 KK na kitabu kinasema karibu 1600 KK. Andika kwamba volkano ya Santorini, kule Ugiriki, ililipuka kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na karne ya 16 KK, kisha eleza kila upande umeshikilia nini. Mwalimu anawafuata waakiolojia, waliolinganisha vyombo vya udongo vya Aegean (eneo la bahari ilimo Santorini) na tarehe za wafalme wa Misri. Kitabu kinafuata radiokaboni (kukadiria umri wa kitu kilichokuwa hai kwa kaboni iliyobaki ndani yake), hasa ya tawi la mzeituni lililofukiwa na majivu. Vipimo vilivyochapishwa 2006 vilitoa 1627 hadi 1600 KK. Hapo ndipo ukae zaidi. Pete za mzeituni (duara za ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina) hazisomeki vizuri, na mwaka 2018 watafiti waliopima pete za miti mingine, mwaka baada ya mwaka, walionyesha kwamba kipimo kilekile kinaweza kuangukia karne ya 16 KK. (Mimi naegemea huko, ila usininukuu.) Ukikutana na hoja kwamba majivu ya miaka ya 1640 KK ndani ya barafu ya Greenland ni ya Santorini, iruke: yalikuja kutambuliwa kuwa ya volkano ya Aniakchak, Alaska.