Unajenga Nairobi? Amua kuhusu maji ya moto kabla ya plasta

Nyumba ya Nairobi haihitaji kiyoyozi. Stima inaliwa bafuni. Shawa ya umeme ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 hula karibu uniti 0.9. Watu wanne wakioga kila siku, hizo ni uniti 110 kwa mwezi, kabla hujahesabu friji wala taa. Kenya Power humtoza bei ya juu zaidi mteja anayepita wastani wa uniti 100 kwa mwezi, kwa hiyo bafu peke yake linatosha kukupandisha daraja.

Dawa ni kupasha maji kwa jua. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu jambo hilo zilitaka jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate asilimia 60 kutokana na jua. Hata pasipo mkaguzi, jenga kwa kipimo hicho.

Bei ya mtambo wenyewe wa jua, yaani tangi na paneli ya kupasha maji, haibadiliki sana. Kinachouma ni kuuweka umechelewa, vigae vikapasuliwa na ukuta ukatindwa. Kabla ya plasta, pitisha bomba la moto kutoka darini hadi kila bafu na jikoni. Tumia PPR ya PN20, bomba la plastiki linalostahimili maji ya moto, kamwe si PVC, maana hiyo hulainika kwa joto. Livishe sponji ya mabomba, na ulifupishe: bomba la nusu inchi la mita 20 hushika lita 2.5 hivi, zinazomwagwa kila asubuhi mtu akingojea joto.

Mwambie fundi wa paa mapema. Mtambo wa lita 200 hubeba kilo 200 za maji matupu, bado tangi na paneli. Halafu tangi la maji baridi likae juu kuliko la moto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: yakiwekwa usawa mmoja presha inakufa, mwenye nyumba ananunua pampu, na stima inarudi palepale.

Tuko karibu na Ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini au kusini, tofauti ni ndogo. Ogopa kivuli, hasa cha ghorofa ambalo jirani hajalijenga bado.

Julai mawingu yakitanda utahitaji koili ya umeme ndani ya tangi. Ifungie saa ya kuizima. Ikiachwa wazi usiku kucha, itapasha maji yote kabla jua halijachomoza, na paneli haitakuwa na kazi. Swichi yake iwe karibu na mlango wa bafu, yenye taa nyekundu, isifichwe darini.