Babu alitoa kiwanja cha shule, shule imehama. Kirudi kwa nani?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mwanamke wa Machame, nimerudi nyumbani na watoto watatu baada ya kuachwa. Mwaka 1975 babu yetu alikata eka moja ya kihamba chake, shamba la ukoo la nyumbani, akasema mbele ya wazee: "Hapa nimetoa, watoto wasome." Ikajengwa shule ya msingi ya serikali. Sasa wanafunzi wamepungua, shule imeunganishwa na ya jirani, madarasa yamebaki matupu. Kaka zangu wanataka ardhi irudi kwenye ukoo, na wameniahidi kipande hapo nijenge. Kamati ya msikiti inasema babu alikuwa Mwislamu, pajengwe msikiti. Baba alishafariki. Mkutano wa kijiji uko karibu, nisimame upande gani?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Barua yako nimeirudia mara mbili, na mara ya pili hata kiwanja nilikisahau. Nitakueleza kwa nini.

Alichofanya babu yako ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya Allah ili watu wanufaike nayo. Neno "nimetoa" peke yake lina utata, lakini likiambatana na jambo la umma kama watoto kusoma, na nia iko wazi, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Kishafii wanalipokea. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, vijiji vilihangaika kutafuta pa kujenga madarasa, na mzee aliyetoa shamba lake hakuhitaji kulijua neno la Kiarabu ndipo Allah aipokee sadaka yake. Umar (r.a.) alipopata shamba la Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimshauri azuie asili yake, yaani ardhi yenyewe, na kutoa mazao yake sadaka, basi likawa haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi. Kaka zako waliangalie hilo la mwisho. Kilichotoka mkononi mwa babu akiwa hai hakimo kwenye mirathi yake, na madarasa kuwa matupu hakukirudishi.

Suala la msikiti ndilo limenifanya nijibu hadharani, maana hoja hii nimeisikia hata mimbarini. Wanasema msikiti ni bora kuliko shule, kwa hiyo kuibadilisha sadaka ya mzee ni kumwongezea thawabu. Ajabu! Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, kiwanja alichokitaka kwa msikiti wake kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wakasema wanampa bure. Akakataa mpaka akakinunua. Huyo ndiye Mtume, na huo ndio msikiti wake. Sisi tumepata wapi ruhusa ya kuchukua eneo la watoto wa kijiji kwa kuwa tu tuna ramani ya mnara?

Watakuletea kisa cha Umar kuuhamisha msikiti wa mji wa Kufa, kule Iraki. Kisa hicho kinawageukia wenyewe, maana msikiti ulihamia mahali pengine ukabaki msikiti. Qur'ani nayo, katika Al-Baqara aya ya 181, imeweka dhambi ya kubadili wasia juu ya wanaoubadili baada ya kuusikia, na wakfu uko kwenye njia hiyohiyo.

Wengine wananong'ona kwamba shule ile ilisomesha Wakristo, hivyo haiwezi kuwa wakfu. Babu yako aliishi Machame, majirani zake wengi Walutheri. Alijua fika nani watakaa kwenye madawati yale. Allah hakutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita (Al-Mumtahina, 8). Na tuambizane ukweli: msikiti tulio nao unajaza safu ngapi Alfajiri?

Kwa hiyo mkutanoni simama na maneno ya babu. Watafute wazee waliosikia, waseme wenyewe. Kama eneo limo katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini tu, haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Chekechea, maktaba, darasa la cherehani au useremala, vyote viko karibu na nia ya mzee. Chumba kikipangishwa, kodi inunue sare na madaftari. Waislamu wakitaka kimoja kwa madrasa ya jioni, waombe kama wanakijiji wengine.

Sasa turudi kwako. Kaka zako wamekuahidi kipande kwenye eneo la shule. Kwa nini hapo? Kihamba cha baba yenu kiko wapi? Hujakitaja hata mara moja, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. An-Nisaa aya ya 7 inawapa wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Mila inayosema binti ataolewa haiifuti aya, tena wewe umeolewa, umeachwa, na watoto watatu wanalala kwa hisani ya watu. Ni wepesi wa kukugawia cha wenzao huku chako wamekikalia.

Usikate tamaa, wala usigombane nao peke yako. Njoo na kaka yako mkubwa Ijumaa baada ya sala. Mjue masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, yanaanzia wapi, na kama mama yenu alikuwepo baba alipofariki, fungu lake la thumuni, yaani moja ya nane, tutalitoa kwanza. Mpaka siku hiyo usitie saini karatasi yoyote watakayokuletea.