Uliza Mwalimu: Kwani ni kodi tu iliwafanya wamkatae mfalme?

SWALI: Mwalimu habari yako. Nafunza historia shule moja huku Kayole, na hii topiki ya makoloni ya Amerika kujitenga na mfalme wa Uingereza inanitoa jasho. Nikiuliza sababu, darasa zima linaandika "kodi ilikuwa juu" na kufunga kitabu. Juzi kijana mmoja akaniuliza, sasa kama ni kodi, mbona sisi hatujajitenga na serikali na kredo, mafuta, mpaka kutuma pesa kwa M-Pesa, vyote vina kodi? Wenzake wakacheka, mimi nikakosa la kusema. Nifanyeje? (Mwalimu, Kayole)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, huyo kijana mnunulie mandazi, juu amekupa mlango wa kuingilia.

Anza na chai. Mwaka 1773 bunge la London lilipitisha sheria ya kuisaidia Kampuni ya East India iuze majani ya chai moja kwa moja huko Amerika, na hayo majani yangeuzwa bei ya chini kuliko mwanzo, hata ukiweka ile kodi yenyewe ya chai. Bei ilishuka! Na bado Desemba hiyo watu wa Boston wakapanda kwenye meli usiku wakamwaga makasha 342 baharini. Sasa uliza darasa, nani anamwaga chai ya bei rahisi? Halafu nyamaza, usiwasaidie haraka. Atatokea mmoja tu aseme kwamba ukiinywa umekubali bunge ambalo huna mbunge ndani yake likutoze, leo kidogo, kesho vile litakavyo. Na huyo kijana wako amejibiwa hapo hapo: yeye akikasirika ana kura ya kungoja, miaka mitano mheshimiwa anarudi nyumbani, wale hawakuwa na mtu wa kumrudisha.

Lakini usiishie hapo, hapa ndio walimu wengi tunaharakisha. Wengi wao hawakuanza kwa kumchukia mfalme. Vita ya kupigana na Ufaransa iliisha 1763, London ikabaki na madeni, 1765 ikaleta kodi ya stempu kwa karatasi, yaani magazeti, hati za korti, hadi karata za kucheza (hiyo ya karata wanafunzi hawaisahau). Watu wakakataa, ikafutwa 1766, ila siku hizo hizo bunge likaandika sheria nyingine kusema lina uwezo wa kuwatungia sheria kwa jambo lolote lile. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanalalamikia bunge na mawaziri, mfalme bado ni baba.

Waambie wafikirie ploti. Maji hayaji, keateka ni jeuri, wapangaji wanasema landilodi ni mtu mzuri sema tu hajui, tukimwandikia atatusikia. Wanamwandikia kwa adabu zote, na jibu ni kufuli mlangoni. Siku hiyo shida si ya keateka tena, ni ya landilodi mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa: Aprili 1775 risasi zimeshalia Lexington, askari wa Uingereza wakipigana na watu wa makoloni, na bado Julai viongozi wa makoloni wakamtumia mfalme George wa Tatu barua ya unyenyekevu. Akakataa kuipokea, na Agosti akawatangaza waasi. Ndio maana tangazo la uhuru la tarehe 4 Julai 1776 lina malalamiko 27 na mengi yanaanza na "yeye", mfalme, hata kwa mambo yaliyofanywa na bunge. Bunge walikuwa washalikana, kamba iliyobaki ni ile ya utiifu kwa mfalme, sasa bila kuikata hiyo hawangeweza kujiita nchi. Wasomee malalamiko matatu manne tu, yote 27 watalala.

Na usiwapake asali. Jefferson aliyeandika kwenye tangazo hilo kwamba watu wote wameumbwa sawa alikuwa na watumwa shambani kwake, mwanafunzi mkali atauliza, mwambie ukweli.

Jambo moja la nyumbani: usiseme sisi tulifanya vile vile. Kulipa bila kuwakilishwa, hiyo tuliijua, kodi ya nyumba ya udongo ililipwa miaka mingi kabla Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hajaingia baraza la kutunga sheria 1944. Ila sisi tuliongea mezani Lancaster House kule London, na tarehe 12 Desemba 1963 tukapata uhuru huku malkia akiwa bado ndiye mkuu wa nchi. Aliacha kuwa mkuu wa nchi mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, tukawa jamhuri. Wanafunzi wengi wanadhani Jamhuri Dei ni ya bendera tu, na hapo ndio wataona kutoka kwa koloni na kutoka kwa taji ni mambo mawili.

Kwa mtihani achana na "taja sababu tano". Wape hii: kwa nini watu waliomwandikia mfalme kwa heshima 1775 walimshtaki mbele ya dunia nzima 1776? Wape ukurasa mzima wa kujibu.