Samaki wa dhahabu na mimea kwenye joto letu la Pwani: yaliyonikuta Lamu

Kaka wa Malindi, umeuliza mambo matatu: kama samaki wa dhahabu wataweza kukaa na mimea hai bila kuimaliza, kama maji ya kisima chenu yatafaa, na kama lile bakuli la kioo la mviringo uliloliona dukani linatosha kuanzia. La tatu jibu lake ni fupi: hapana, liache hapohapo lilipo. Hayo mengine mawili yanataka kikao, kwa hiyo tia chai kikombeni.

Niko Lamu, mtaa wa Langoni, na tangi nililonalo sasa ni la tatu. La kwanza lilikuwa bakuli kama hilo lako. Samaki wawili walitoka Mombasa ndani ya mfuko wa plastiki, wakapanda basi mpaka Mokowe, wakavuka kwa boti, wakafika nyumbani wazima wanapepea mikia kama leso kwenye kamba. Siku ya tisa nikawaokota juu ya maji. Jirani akasema ni jicho la watu. Kumbe walikufa kwa uchafu wao wenyewe. Samaki huyu anakula sana na kutoa sana, na sehemu kubwa ya uchafu wake ni amonia inayotokea kwenye matamvua, huioni wala huinusi. Kwenye lita nane za maji haina pa kwenda.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo sisi watu wa Pwani tunapoumia kuliko mtu wa Nairobi. Amonia haiumi sawasawa kila mahali. Maji yakiwa na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 8 badala ya 7, kwa joto lilelile, ile sehemu iliyo sumu kweli huongezeka karibu mara kumi. Na joto likipanda huongezeka tena. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, sabuni haitoi povu, pH ni 8 na zaidi. Kwa hiyo kosa ambalo mtu wa bara atalifanya na samaki wake akapona, wewe litakuulia.

Tangi la pili nilitengenezewa na fundi wa vioo, sentimita 80 kwa 40 kwa 40. Alitaka kutumia kioo cha milimita 4, nikakataa, tukatumia cha 6 na vipande vya kukaza juu. Gundi iwe silikoni tupu. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu ni sumu kwa samaki. Kwa kipimo hicho unapata kama lita 115 za maji, na hapo ndipo pa samaki wawili wa aina ya mkia wa shela, wale wanene. Wale wembamba wenye mkia mmoja waache kabisa, wanafika sentimita 30 na wanataka bwawa.

Piga hesabu ya uzito. Maji kilo 115, kioo karibu 20, mchanga 15. Kwa nyumba zetu za kale zenye dari za boriti, usilipandishe ghorofani ukaliweka katikati ya chumba. Langu liko chini, kwenye msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, limeegemea ukuta mnene, na hapo ndipo penye ubaridi zaidi nyumba nzima. Wewe kama una nyumba ya mabati, tafuta chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Dirishani usiweke kamwe. Jua letu litageuza maji kuwa supu ya kijani kwa siku chache tu.

Lile tangi la pili nililiharibu kwa mkono wangu. Nilikwenda ufuoni nikachota mchanga mweupe, nikaokota na matumbawe mawili mazuri ya kupambia. Bure na vizuri, nani angekataa? Mchanga wa bahari umejaa vipande vya makombe na matumbawe, nao unazidi kuyeyusha chokaa kwenye maji ambayo tayari yana chokaa. Mimea ikaoza, majani yakawa kama mlenda. Sasa kila jiwe linaloingia mwangu nalidondoshea siki kwanza: likitoa vipovu, linarudi nje. Wewe uko karibu na Sabaki, chukua mchanga wa mto uliouzwa kwa ujenzi, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe. Mimi nilihitaji ndoo kumi na moja. Na kokoto ndogo za ukubwa wa njegere usitie, samaki hawa huchimbua kwa mdomo mchana kutwa na kokoto humkwama kooni. Ama mchanga laini, ama mawe makubwa asiyoweza kuyameza.

Maji sasa. Yaonje. Ukisikia chumvi ulimini, samaki huenda akavumilia lakini mimea mingi haitavumilia. Maji ya bomba hapa Lamu yanatoka kwenye visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, na ni matamu kuliko ya visima vya mjini. Mimi nachanganya nusu ya hayo na nusu ya mvua. Visiwani kwetu watu wamejenga majabia ya kukinga mvua tangu zamani, wewe pipa moja chini ya mfereji wa paa litakutosha. Mvua peke yake usitumie, haina madini na pH yake inayumba. Ya bomba yaliyotiwa dawa yalaze wazi usiku kucha na mchana wake, klorini itoke hewani. Na jambo ambalo sikuambiwa na mtu: maji yakikauka tangini, chumvi na chokaa vinabaki. Ukijazia kila siku kwa maji ya kisima, baada ya miezi mitatu una bahari ndogo. Kujazia kilichokauka, tumia mvua.

Sasa subira. Usinunue samaki. Jaza maji, tia mimea, washa vichujio, halafu lea bakteria. Kuna wanaogeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, na kuna wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaistahimili ikiwa kidogo na mimea inaila. Bakteria hao lazima walishwe kabla ya samaki kuja. Mimi nilichukua kamba mmoja mbichi, nikamfunga kwenye soksi ya nailoni, nikamning'iniza ndani ya maji. Siku ya nne nyumba ilinuka, mume wangu akahamia barazani. Siku ya sita paka, na unawajua paka wa Lamu, akatia mkono mzima ndani ya tangi akavuta soksi akaondoka nayo. Nikaweka kamba mwingine na wavu juu.

Nilikuwa napima kwa vile vichupa vya matone. Wiki ya kwanza amonia ikapanda, wiki ya tatu ikaanza kushuka na nitriti ikapaa, siku ya 38 vyote viwili vikasoma sifuri na nitrati ikawa 20. Nikatoa mabaki, nikabadilisha nusu ya maji, ndipo nikapiga simu ya samaki. Vichujio vyangu ni viwili vya sponji, vinavyoendeshwa na mashine moja ya hewa yenye midomo miwili. Ni rahisi na vinatia hewa humohumo. Sponji ikichafuka ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Ukiiosha bombani umewaua wale uliowalea siku 38.

Haya, mimea. Ni kweli samaki wa dhahabu anakula majani. Ukimwekea mmea laini ni sawa na kumwekea mbuzi mchicha. Lakini kuna asioupenda. Wa kwanza ni Anubias, asili yake Afrika Magharibi na Kati, majani magumu kama ngozi ya kiatu. Wa pili ni kangaga la Java, huo nao mgumu. Siri ya yote miwili ni moja: haipandwi. Ina shina nene linalolala kama tangawizi, na ukilifukia mchangani linaoza. Mimi nilivunja mtungi wa zamani uliokuwa na ufa, nikachagua vigae vizito, nikalaza shina juu ya kigae, mizizi ikiangalia chini, nikafunga kwa uzi wa mshipi mizunguko mitatu, si kwa kukaza sana. Baada ya miezi miwili mizizi ilikuwa imekikumbatia kigae, nikakata uzi. Samaki akija kuchimbua, anakuta kigae kizito, anakata tamaa anakwenda zake. Na udongo uliochomwa hautoi chokaa kama matumbawe.

Wa tatu ni Vallisneria, yale majani marefu kama ukili. Huo unapenda maji yenye chokaa, kwa hiyo ni wetu hasa. Upande kwenye vyungu vidogo, juu ya udongo uweke mawe ya ukubwa wa yai. Wiki mbili za mwanzo utayeyuka majani uone umekufa. Usiung'oe. Chini utachipua upya na kuanza kutambaa.

Halafu kuna Ceratophyllum, ule wa nyuzinyuzi unaoelea bila mizizi. Wataung'ata, lakini ukishika joto na mwanga unakua upesi kuliko wanavyokula, na unanyonya uchafu sana. Ukiona mtu anakuambia uuchote ziwani au kwenye madimbwi, fikiri mara mbili. Madimbwi ya pwani yetu yana konokono wa kichocho, na mkono unaouingiza majini ni wako. Nunua kwa mtu anayefuga. Na utakapoukata usiutupe mtoni, wala samaki usimwachie huko.

Yale majani madogo yanayoelea kama ufuta, Lemna, yafuge kwenye beseni uani, si tangini. Hicho ni chakula chao. Beseni hilo litaleta viluwiluwi vya mbu, navyo nawachotea kwa chujio la chai, lakini vichote kila baada ya siku mbili tatu, maana kwa joto hili wiki moja tu wanaruka. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na birika la kuogea lenye visamaki ndani, kazi yao kula viluwiluwi, na chini ya birika kumepachikwa bakuli la Kichina ili maji yakiisha visamaki vipate pa kukaa. Samaki wa dhahabu naye alianza kufugwa huko huko Uchina, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nikimwona juu ya vigae vyangu namkumbuka bibi na kata yake ya kuchotea maji.

Kata hiyo ndiyo iliyoniokolea hawa wawili. Ilikuwa Februari, kaskazi imelala, stima ikapotea saa tano usiku. Nikasema itarudi. Alfajiri naamka kuswali, namulika tochi, samaki wako juu kabisa, midomo nje, wanatafuna hewa. Maji yalikuwa nyuzi 31. Maji ya nyuzi 20 yakishiba hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya 30 yanabeba 7 na nusu tu. Na mimea, ambayo mchana inatoa oksijeni, usiku inaivuta kama sisi. Nilikaa na kata ya kifuu, nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, mpaka saa moja na nusu asubuhi. Siku hiyohiyo nikaagiza pampu ya hewa ya betri inayojiwasha stima ikipotea. Kwa mtu wa Pwani, nunua hiyo kabla ya taa ya mapambo.

Kuhusu joto usife moyo. Vitabu vinasema nyuzi 18 hadi 24, lakini Thailand wanawazalisha kwenye joto kama letu. Hewa iwe nyingi, samaki wachache, chakula kidogo. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inanishushia kama nyuzi mbili, wakati wa unyevu mwingi moja. Taa saa sita kwa siku, usizidishe, majani ya Anubias yataota ukoga.

Samaki wakifika kutoka Mombasa, usiwakawize mfukoni. Safari ndefu imejaza amonia, na hewa chafu mle ndani imeshusha pH ikaifanya isiume. Ukifungua mfuko pH inapanda na sumu inaamka. Acha mfuko uelee tangini dakika 15 wafanane joto, fungua, wachote kwa mkono, maji yale mwaga. Wakae kwanza kwenye beseni kubwa lenye kichujio wiki tatu, uone kama wana maradhi. Lisha mara mbili kwa siku, kiasi cha kwisha kwa dakika mbili, na njegere zilizochemshwa na kumenywa mara moja kwa wiki. Kila Ijumaa toa theluthi moja ya maji. Yangu nayamwagia asumini.

Kabla hujamlipa fundi wa vioo, pima maji ya kisima chenu na ya bomba, pH na chumvi, kila moja peke yake, uniletee namba hapa. Na uniambie paa lenu ni la makuti au mabati, maana mvua ya makuti inatoka na rangi ya chai.