Flashi za wateja zinageuka shotikati: anza na kompyuta, flashi baadaye

SWALI: Habari za kazi. Nina stesheneri karibu na chuo, kompyuta mbili za Windows 10. Wateja wanaleta flashi ili waprinti, lakini siku hizi flashi ikishachomekwa kwangu folda zote zinageuka shotikati, na mteja akienda nayo kwingine anaambiwa ina virusi. Nimeweka antivirusi mbili. Nimeformati flashi kadhaa, na watu wamepoteza kazi zao. Tatizo linarudi siku ileile. Je, kuna dawa ya kudumu?

JIBU: Dawa ipo, ila kwanza acha kuformati flashi za watu. Katika aina hii ya virusi faili za mteja kwa kawaida hazifutwi, zinafichwa tu. Bofya kulia kwenye flashi, fungua "Properties". Ukiona GB 5 zimetumika ilhali ndani kuna shotikati (vialama vinavyofungua kitu kilicho kwingine) chache za KB 1 au 2, basi kazi ya mteja imo humohumo.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya kompyuta yako kuna skripti ndogo, yaani faili ya amri zinazotekelezwa na Windows, inayokaa macho muda wote. Flashi ikichomekwa, skripti hiyo inajinakili humo, inazipa folda za mteja alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo, kisha inatengeneza shotikati zenye majina yaleyale na picha ya folda. Mteja akibofya shotikati anaamsha virusi, halafu virusi vinamfungulia folda yake halisi ili asishtuke. Ndiyo maana ukiwasha "Hidden items" peke yake bado huoni kitu: ile alama ya mfumo inahitaji pia uondoe tiki kwenye "Hide protected operating system files".

Mbinu hii si ngeni. Tangu Februari 2011, Microsoft ilipozuia flashi kujiendesha zenyewe hata kwenye Windows XP na Vista, waandishi wa virusi walihitaji mkono wa mtu, na shotikati ndiyo chambo chao. Aina moja, Gamarue, inayoitwa pia Andromeda, ilienea hivyo kwa miaka hadi mtandao wake ulipovunjwa na FBI, Europol na washirika wao mwishoni mwa 2017. Aina nyingine, Raspberry Robin, iliyoanza kuonekana 2021, nayo inapita kwenye flashi kwa shotikati.

Kwa hiyo ukisafisha flashi kwenye kompyuta iliyoambukizwa unapoteza muda, kwa sababu inachafuliwa tena ndani ya sekunde chache. Chomoa flashi zote na uanze na kompyuta.

Ondoa antivirusi moja kati ya hizo mbili, ikiwezekana zote. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja zinagombania faili zilezile, mashine inakuwa nzito, na Microsoft Defender iliyokuja na Windows hujiweka pembeni ikiona kuna nyingine. Kama hizo mbili ni za majaribio zilizokwisha muda, huenda hapo huna mlinzi wa kutegemea. Kwa duka lako Defender inatosha, mradi isasishwe. Bando likiwa dogo, pakua faili ya masasisho yake kutoka tovuti ya Microsoft mara moja na uitumie kwenye kompyuta zote mbili. Ina zaidi ya MB 100.

Kisha fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Manage settings", ushuke hadi "Exclusions". Hapa ndipo wengi hawaangalii. Programu za kuamilisha Windows na Office bila leseni hukuambia uzime Defender kwanza, halafu zinaacha folda, au diski nzima ya C, kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Defender itakuambia kila siku kwamba hakuna tatizo, kwa kuwa imekatazwa kuangalia. Futa kila kitu usichokitambua kwenye orodha hiyo, na uwashe "Tamper Protection", inayozuia programu nyingine zisibadili mipangilio ya Defender. Kama uliwahi kutumia programu hizo, zichukulie kuwa mlango ambao virusi huenda viliingilia, na uziondoe. Ukikosa leseni ya Office, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo. Mwombe mteja alete PDF.

Sasa inase skripti yenyewe. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Details", bofya kulia kwenye vichwa vya safu, chagua "Select columns", weka tiki "Command line". Tafuta wscript.exe. Hiyo ni programu halali ya Windows, usiifute. Soma mstari wake ujue inaendesha faili gani, mara nyingi yenye mwisho wa .vbs au .js iliyojificha ndani ya AppData au Temp. Iandike njia hiyo, bonyeza "End task", ndipo ufute faili. Ukifuta kabla ya kusimamisha, inajiandika upya. Aina nyingine hutumia rundll32.exe, nayo husomwa hivyohivyo. Baada ya hapo angalia sehemu zinazoiamsha kompyuta inapowaka: andika shell:startup kwenye Run (bonyeza Windows+R), kisha kagua Task Scheduler, na kwenye regedit tazama HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Futa kinachotaja faili ile.

Malizia na "Scan options" ndani ya Windows Security, uchague ukaguzi wa Defender wa nje ya Windows, ulioandikwa "offline scan". Hifadhi kazi zako kwanza, maana mashine inajizima na kuwaka yenyewe, na ukaguzi unachukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba virusi havijaamka wakati huo, havina pa kujifichia.

Kompyuta zote mbili zikiwa safi, rudi kwenye flashi. Ichomeke, usifungue kitu ndani yake, angalia herufi yake. Tuseme ni E. Fungua Command Prompt na uandike:

del E:\*.lnk
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hakikisha herufi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, usije ukaelekeza amri hizi kwenye C. Folda za mteja zitajitokeza. Baadhi ya aina huhamishia kila kitu kwenye folda isiyo na jina, kwa hiyo ukiiona, faili zimo humo. Futa skripti na programu ambazo mteja hazitambui, kisha bofya kulia kwenye flashi na uikague kwa Defender. Ufanye hivyo kwa kila flashi, kwa sababu ukaguzi kamili wa kompyuta kwa kawaida hauzigusi.

Ili zisirudi, funga mlango wa skripti. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Ijaribu: tengeneza faili ya Notepad yenye maneno MsgBox "salama", uiite jaribu.vbs, uibofye. Ukipata ujumbe kwamba Windows Script Host imezimwa, umefaulu. Amri chache za Windows, kama slmgr inayoshughulikia leseni, hutegemea huduma hiyo; siku ukizihitaji badilisha 0 iwe 1 kwa muda. Kama Windows yako ni Pro, ongeza ulinzi kwenye gpedit.msc: Computer Configuration, Administrative Templates, System, Removable Storage Access, washa "Removable Disks: Deny execute access". Hii inazuia programu zilizo kwenye flashi zisiendeshwe, lakini haizuii skripti inayosomwa na wscript, ndiyo maana unahitaji zote mbili. Washa pia "File name extensions" ili barua.pdf.exe isikupite ikijifanya PDF.

Faili za Word na Excel zina hatari yake. Ile kinga ya Office inayozuia makro (amri zilizopachikwa ndani ya faili) za faili zilizotoka intaneti hutegemea alama inayohifadhiwa kwenye diski zilizoformatiwa kwa NTFS, na flashi nyingi zimeformatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo haziibebi. Faili ya mteja ikikuomba ubonyeze "Enable Content", usibonyeze. Kuprinti hakuhitaji makro.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni manenosiri. Wanafunzi wanafungulia kwako baruapepe na akaunti za kuomba mkopo, na virusi vya aina hii mara nyingi huleta vingine vinavyoiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Futa yote yaliyohifadhiwa, zima kipengele cha kuyahifadhi, na kila mteja afungue dirisha la faragha na ulifunge akiondoka. Badilisha nenosiri la baruapepe ya duka ukitumia simu, si kompyuta hizo, na kwenye WhatsApp ya simu ingia "Linked devices" uondoe kompyuta zote, kisha uunganishe upya.

Ikiwa wscript au rundll32 inayoendesha faili ile inarudi hata baada ya ukaguzi ule, au Defender inakataa kuwaka, usiendelee kupambana. Nakili nyaraka tu, si programu, kwenye diski ya nje, na usakinishe Windows upya kwa flashi ya GB 8 au zaidi iliyotengenezwa kwenye kompyuta safi kwa zana ya Microsoft. Kabla ya hapo pima kama mashine zako zinabeba Windows 11, inayotaka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na RAM ya GB 4, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Isiyofaa iwekee Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na uifanye ya kupokelea flashi: skripti na shotikati za Windows hazijiendeshi humo, unaziona zikiwa wazi, unazifuta, unanakili faili anayotaka kuprinti mteja. Zile nyaraka ulizohifadhi zikague kwa Defender iliyosasishwa kabla ya kuzirudisha.