Majani ya mpunga: uchome, uuze au urudishe shambani?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaoishi Dar na wenye mpunga Ruvu au kwingineko, na uamuzi wa majani mara nyingi wanautoa kwa simu.

Msimamizi wangu huchoma majani yote baada ya kupura. Napoteza nini? (Tabata)

Ekari ikikupa magunia 20 ya kilo 100, hesabu majani tani 2 hivi. Humo mna naitrojeni kilo 10 hadi 16, na moto huipeperusha karibu yote. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Potasiamu hubaki kwenye majivu, sawa, lakini majivu yenyewe yako pale mlipopurea tu. Jaruba la mbali halipati kitu.

Nikishavuna, udongo unakauka hadi jembe linadunda. Nataka kupanda bamia. Nikifukia majani itasaidia? (Mbezi)

Itasaidia, ila usitegemee msimu wa kwanza. Ugumu huo unatokana na kuvuruga udongo kabla ya kupanda mpunga. Pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) ikipita ndani ya maji inasaga vibonge vidogo vya udongo, mfinyanzi unatuama na kuziba vinyweleo. Mpunga unataka hivyo, maji yasizame. Bamia haitaki.

Majani yakioza, bakteria hutoa ute unaonata na kuvu hutandaza nyuzi zake, na hivyo viwili ndivyo vinavyoshikanisha chembe za udongo kuwa vibonge tena. Nafasi za hewa zinaongezeka, udongo unakuwa mwepesi. Tatizo ni kwamba msimu ujao utavuruga tena na kubomoa sehemu ya kazi hiyo. Ndiyo maana hurudishi mara moja ukaacha; unarudisha kila msimu, na faida utaiona zaidi kwenye zao la kiangazi kuliko kwenye mpunga wenyewe.

Ukitaka kupima, chukua bonge kavu dogo kutoka jarubani na lingine kutoka ukingoni pasipolimwa. Yatumbukize kwenye glasi mbili za maji, usikoroge. La jarubani likiporomoka upesi na kuchafua maji huku lingine limesimama, tofauti unayo mbele ya macho. Rudia kila mwaka. Kwa bamia za mwaka huu, majani mengine tandaza juu ya tuta. Unyevu utakaa, na hilo halisubiri misimu.

Nilifukia majani wiki ileile niliyopandikiza. Miche imekuwa njano, na nikikanyaga yanatoka mapovu yenye harufu ya mayai viza. (Kigamboni)

Majani yako yanaoza bila hewa. Mapovu mengi ni gesi ya methani, na harufu hiyo ni ya gesi ya salfa inayoumiza mizizi. Ng'oa mche mmoja uitazame mizizi yake: ikiwa myeusi, shida ndiyo hiyo. Juu ya hayo, vijidudu vinavyokula majani vinagombania naitrojeni na miche, na miche ndiyo inayoshindwa.

Toa maji siku chache hadi udongo uanze kupasuka kidogo, weka yurea, kisha rudisha maji. Msimu ujao katakata majani na uyafukie mapema baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu. Ukichelewa sana, acha angalau wiki 2 au 3 kabla ya kupandikiza. Kusema kweli, wengi wanaoapa kwamba majani "yanaua mpunga" walikosea tarehe tu.

Mfugaji anataka kununua majani yangu yote. Nimuuzie? (Mbagala)

Muuzie sehemu, na mkubaliane akurudishie samadi. Mashina na mizizi vitabaki, navyo ni chakula cha udongo. Ila kama shamba liliugua kimyanga (ugonjwa wa virusi wa mpunga), usiache mashina yachipue upya, maana virusi hukaa humo vikisubiri miche yako. Lima uyafukie mapema.